"Naomba" ya Afande

Neno lililonifundisha kazi yangu ni "naomba".

Ofisa wa Kitanzania akisimama jioni mbele ya askari wake akasema, "Jamani, naomba kesho saa kumi na moja alfajiri magari yawe yamepangwa hapa," hakuna askari atakayelala akidhani ameombwa. Ameamriwa. Tunajua hivyo kwa sababu tumelelewa hivyo, nyumbani na kambini: mkubwa mwenye adabu hafoki, anaomba, na ombi lake halikataliwi. Mimi nilikuwa Sajini wa mawasiliano, mtoto wa Temeke, na Kifaransa changu cha madarasa ya jioni pamoja na Kiingereza cha sekondari vilinifanya niwe mkalimani bila kupewa cheo hicho. Mwaka 2013, huko Goma, mashariki mwa Kongo, nililitafsiri neno hilo kama lilivyo. Nilimwambia ofisa wa nchi nyingine kwamba mkuu wangu anaomba. Alfajiri magari yetu yalikuwa yamepangwa. Ya wenzetu hayakuja.

Nitarudi kwenye alfajiri hiyo. Lakini haieleweki bila kujua tulifikaje pale, na safari ile ilianzia hapa hapa Dar es Salaam.

Waasi wa M23 waliingia Goma tarehe 20 Novemba 2012, wakakaa siku chache, wakatoka. Tarehe 7 na 8 Desemba wakuu wa nchi za SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika, wakakutana mjini kwetu kwa mkutano wa dharura, wakaazimia kupeleka nguvu mashariki mwa Kongo. Tanzania ikaahidi batalioni moja na kamanda. Sisi habari tuliipata bwaloni, sahani za ugali zikiwa mkononi, na nakumbuka swali la kwanza lililoulizwa pale halikuwa la posho wala la malaria. Sajini Taji mmoja aliyekaribia kustaafu aliweka kijiko chini akauliza, "Tunakwenda chini ya nani?"

Mmoja akajibu SADC. Mwingine akasema Umoja wa Mataifa. Yule mzee akatikisa kichwa, akasema majibu hayo mawili hayawezi kuwa kweli kwa wakati mmoja.

Nilimwelewa kwa sababu swali lile nililikuta nyumbani tangu utotoni. Baba yangu alikwenda vita vya Kagera akiwa mgambo. Alipozungumzia Uganda, jambo alilolirudia si milio ya mizinga bali wale wapiganaji wa Kiganda waliokuwa wakisonga pamoja nao, wakiwa na makamanda wao wenyewe: Kikosi Maalumu cha akina Tito Okello na David Oyite-Ojok, na vikundi vingine. Sehemu kubwa ya jeshi lililosonga ilikuwa ya kwetu, na mizinga ilikuwa ya kwetu. Lakini wanasiasa wao waliitwa Moshi, wakakaa kuanzia tarehe 24 hadi 26 Machi 1979, wakatoka na umoja wao, UNLF, na mwenyekiti wao, Yusuf Lule. Na Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili, sauti iliyotangaza redioni kwamba utawala wa Idi Amin umekwisha ilikuwa ya Oyite-Ojok. "Sisi tumejaa vumbi barabarani," baba alikuwa akisema, "na anayesema redioni ni Mganda. Tukapiga makofi."

Nilipokuwa mdogo nilidhani baba analalamika. Nilipovaa sare nikaelewa kwamba alikuwa anajivunia. Mwalimu Nyerere alijua kuwa jeshi la jirani linaloingia mji mkuu wa watu na kutangaza ushindi kwa lugha yake limeshaanza kuitwa mvamizi kabla jua halijazama. Naamini alifanya lililo sawa, na nitaendelea kuamini. Ila gharama yake ilikuja baadaye. Mei 1980 Rais Godfrey Binaisa alipojaribu kumwondoa Oyite-Ojok kwenye nafasi ya mnadhimu mkuu wa jeshi, Tume ya Kijeshi ikamwondoa Binaisa mwenyewe, na wanajeshi wetu waliokuwa bado Kampala hawakuingilia. Ukishasema kwamba jeshi hili lina wakubwa wake, siku wakubwa wakigombana, wewe uliyewasindikiza hadi mlangoni unaulizwa uko upande gani. Ukinyamaza, hilo nalo linahesabiwa kuwa jibu.

Kwa hiyo mzee wa bwaloni alikuwa na haki ya kuuliza.

Miezi iliyofuata ilionyesha kwamba wakubwa nao walikuwa wakiulizana swali lile lile. Umoja wa Mataifa ulikuwa na MONUSCO, misheni yake ya kulinda amani Kongo: maelfu ya askari, helikopta na mafuta, lakini si mazoea ya kushambulia. Nchi za ukanda wetu zilikuwa na nia ya kupigana ila hazikuwa na mfuko wa kulilisha jeshi milimani. Ikaonekana ni lazima waungane, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa: mwenye nia awe chini ya mwenye helikopta, au kinyume chake? Tarehe 28 Januari 2013, Addis Ababa, makubaliano ya amani ya Kongo yalipangwa kusainiwa yakaahirishwa, na habari zilizotoka zilitaja wasiwasi wa nani atakiamuru kikosi kipya. Wino uliwekwa tarehe 24 Februari, nchi 11. Tarehe 28 Machi Baraza la Usalama likapitisha kwa kauli moja azimio namba 2098.

Azimio hilo nimelisoma mara nyingi kuliko barua yoyote ya maishani mwangu. Linaunda brigedi ya kujibu mashambulizi, ile ambayo kwetu kila mtu aliiita FIB: batalioni tatu za miguu, kombania moja ya mizinga, kombania moja ya makomandoo na upelelezi. Linasema itakuwa chini ya amri ya moja kwa moja ya Kamanda wa Majeshi wa MONUSCO. Linasema inaweza kupigana peke yake au pamoja na jeshi la Kongo. Na linasema jambo hili ni la kipekee, lisichukuliwe kuwa kielelezo. Mtu akisoma haraka ataona maneno ya wanasheria. Mimi niliona nyua tatu zimejengwa ndani ya aya moja. "Moja kwa moja" inamwambia mleta askari: mkubwa ni mmoja. "Peke yake au pamoja" inaiambia brigedi: si lazima umsubiri mwenye nchi. Na "la kipekee" inawatuliza wote walioogopa kwamba kesho askari wao wa kulinda amani nao wataambiwa wakashambulie.

Kamanda wa Majeshi akawa Luteni Jenerali Carlos Alberto dos Santos Cruz wa Brazili. Kamanda wa brigedi akawa Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa kwetu. Batalioni zikatoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Mgawanyo huo ulikuwa na hekima yake: jenerali wa juu hakuwa na batalioni ya nchi yake ndani ya brigedi, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema anaipendelea, na wa chini yake alikuwa mtu wa ukanda huu, ili SADC wasiseme wamenyang'anywa mtoto wao.

Mama yangu ana sufuria la kilo ishirini. Kwa miaka zaidi ya 30 sufuria hilo limepika pilau la nusu ya harusi na misiba ya mtaa wetu Temeke. Chini, kwenye kitako, ameandika jina lake kwa rangi nyekundu, na kila rangi inapoungua huipaka upya. Analiazimisha kwa yeyote, hajawahi kumkatalia mtu. Lakini linatoka na masharti: lipikiwe wali, si makande, lisikwanguliwe kwa mwiko wa chuma, lisilale nje. Na nilipokuwa msichana lilitoka pamoja na mimi. Nilikuwa nakaa karibu na mafiga bila kupika wala kumwamuru mpishi, maana shughuli si ya kwetu na mpishi ana wenyewe waliomwita. Lakini nikiona mtu anakuja na maharage, naondoka mbio kwenda kumwambia mama.

Goma nilikuta mambo ni yale yale, kwa lugha nyingine. Askari wanapokabidhiwa kwa Umoja wa Mataifa, kamanda wa misheni anapata mamlaka ya kuwapangia kazi: wapi walinde, lini wapige, wapite njia ipi. Lakini nidhamu inabaki kwa nchi iliyowatuma. Mishahara, vyeo na mashtaka navyo vinabaki nyumbani. Askari akikosea, jenerali wa misheni hamfungi, anamrudisha kwao. Na kila kikosi kina ofisa mkubwa wa taifa lake ambaye anavaa kofia mbili: mchana anapokea agizo la misheni, usiku ana simu inayoita kutoka mji mkuu wao. Kuna nchi zinazowaambia askari wao wasitoke nje ya eneo fulani. Nyingine zinasema kila shambulizi kwanza liulizwe nyumbani. Hakuna anayeyatangaza masharti hayo kwa kipaza sauti. Unayagundua siku unapokuwa umejipanga barabarani.

Sasa ile alfajiri.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Akina mama wa vijiji vya barabara ya Sake walitaka kupeleka mazao sokoni, na njia ilikuwa na watu wenye bunduki wasio na jina. Kikosi chetu na kombania ya nchi nyingine, ambayo sitaitaja, tulitakiwa tusindikize: sisi mbele, wao nyuma. Jioni yake mkuu wangu akaniita na redio, akaniambia nimwambie mwenzake: naomba saa kumi na moja mkutane nasi kwenye njia panda. Nikasema kwa Kiingereza, anaomba. Kapteni wa upande wa pili akaandika, akasema sawa, atafikisha.

Saa kumi na moja tulikuwa njia panda. Goma alfajiri ni baridi ambayo mtu wa Temeke haijui. Mwanga mwekundu wa Nyiragongo bado unaonekana juu ya mawingu, na chini ni mawe meusi ya volkano yanayokata soli za buti. Akina mama walikuwa wameshafika. Wengine na magunia ya maharage kichwani, wengine na vitunguu, na vijana watatu wamepakia makaa kwenye chukudu, zile baiskeli za mbao zisizo na pedeli. Saa kumi na mbili. Saa moja. Kila nilipoita redioni nilijibiwa kwa adabu kwamba ombi letu linashughulikiwa.

Mama mmoja wa makamo, mwenye kilemba cha kijani, alitua gunia lake juu ya jiwe akaja hadi mlangoni pa gari langu. Akaniuliza kwa Kiswahili cha kwao, "Bengine beko wapi?" Nikamwambia wanakuja. Akalitazama gari letu lenye herufi za UN, akatazama bendera ndogo ya Tanzania begani kwangu, akatazama barabara tupu. Kisha akauliza, "Kwani ninyi hamuna chef moja?" Chef, kwao, ni mkubwa.

Sikuwa na jibu. Yaani majibu nilikuwa nayo mengi: azimio, jenerali, brigedi. Lakini hakuna hata moja ambalo lingembebea gunia. Saa tatu tukaambiwa safari imeahirishwa. Yule mama alijitwisha maharage yake bila msaada wa mtu na kurudi alikotoka. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vumbi jeusi la volkano hadi kwenye kiwiko, na mpaka leo nikifumba macho nauona mkono ule kabla ya sura yake.

Jioni mkuu akaniita.

"Sajini, uliwaambiaje?"

"Niliwaambia unaomba, afande."

Akakaa kimya. Kisha akasema, "Ndivyo nilivyosema." Hakunikaripia, na ilikuwa vigumu zaidi kwangu kuliko angenikaripia. Kule upande wa pili, neno "ombi" lilikuwa limeingia kwenye utaratibu wao. Ombi kutoka kwa jirani, la kwenda nje kidogo ya eneo lao, lazima lipande ngazi, lipate kibali, lishuke. Hawakuwa wavivu wala waoga. Walifanya kila kitu kama kanuni zao zinavyotaka, na nisingekuwa mkweli nikisema vinginevyo.

Safari iliyofuata nikasahihisha. Mkuu aliposema "naomba", nikasema kwa Kiingereza: anaamuru. Kapteni yule aliweka kalamu mezani taratibu. Akasema mkuu wangu na mkuu wake wana cheo kimoja, na anayewaamuru wote wawili yuko juu yao. Kama kuna amri, ije na karatasi ya huyo. Alikuwa sahihi tena. Tukakosa siku ya pili.

Basi nikakaa na daftari. Nikachora mistari miwili wima, nikapata nafasi tatu. Ya kwanza: alichosema afande. Ya pili: alichomaanisha. Ya tatu: ambacho mwenzetu anaruhusiwa kukisikia. Hii ya tatu ndiyo iliyokuwa mpya kwangu. Nilikuwa nadhani ukalimani ni kuchukua maana ya mtu mmoja na kumpa mwingine. Lakini kwenye jeshi la mataifa, mtu wa pili hana uhuru wa kupokea maana yoyote unayompa. Ukimwomba, lazima aulize kwao. Ukimwamuru, lazima akatae, la sivyo atashtakiwa kwao. Mlango uliobaki ni mmoja: karatasi ambayo wote wawili mko chini yake. Mara ya tatu mkuu aliposema, "Naomba saa kumi na moja," nilisema hivi: "Kwa mujibu wa agizo la makao makuu la jana, kikosi chetu kitakuwa njia panda saa kumi na moja, na agizo linakuonyesha nyuma yetu." Nikataja namba ya agizo. Sikuomba wala sikuamuru. Walikuja saa kumi na dakika hamsini.

Mama wa kilemba cha kijani hakuwepo siku hiyo. Nilimtafuta kwa macho katika kundi zima.

Watu huniuliza kama kweli vita hugeuka kwa neno. Hapana. M23 hawakushindwa kwa sarufi. Mwishoni mwa Agosti 2013 mapigano ya Kibati, kaskazini mwa Goma, yalikuwa ya mizinga, helikopta na watu, na tarehe 28 tulimpoteza ofisa wetu mwenye cheo cha meja. Tarehe 5 Novemba M23 wakatangaza kuacha vita. Ninachosema ni kwamba miezi ile amri ilipita vizuri kwa sababu wote waliokuwa kwenye ngazi walitaka kitu kimoja: Kinshasa, New York, Pretoria, Dar es Salaam. Jenerali wa Brazili alikuwa anafika mstari wa mbele mwenyewe. Wakati nia ni moja, hata agizo lililoandikwa vibaya linafika.

Angalia kilichofuata. Brigedi ni ile ile, azimio lilihuishwa, bendera zile zile. Zamu ya FDLR, waasi wa Kihutu kutoka Rwanda walioko Kongo, ikaja. Walipewa hadi tarehe 2 Januari 2015 wajisalimishe, siku ikapita. Kongo ikateua majenerali wawili kuongoza operesheni, Umoja wa Mataifa ukasema hao wana tuhuma za kukiuka haki za binadamu, na Februari ukaondoa msaada wake. Nyuma ya hapo nchi za ukanda nazo hazikuwa na jicho moja juu ya FDLR. Mwaka 2013 Rais Kikwete alipopendekeza Rwanda izungumze nao, uhusiano wetu na Kigali uliharibika kabisa. Brigedi iliyomaliza M23 ndani ya miezi michache ikabaki milimani. Hakuna aliyefuta maneno "amri ya moja kwa moja". Yalikuwepo tu, kama jina kwenye kitako cha sufuria wakati mafiga yamezimwa.

Mimi nilikuwa nimesharudi, niko Gongo la Mboto nafundisha vijana redio. Desemba 2017 nilikuwa kwenye foleni ya maji simu ilipoanza kulia mfululizo. Semuliki, karibu na Beni, tarehe 7. Askari wetu 15. Tuliwapokea Dar, majeneza yamefunikwa bendera, na nikaona wake zao wakishikwa mkono na maofisa wetu. Machi 2018 uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulitoa matokeo, na miongoni mwa yaliyotajwa ni kukosekana kwa mpango unaotekelezeka wa kuwaongezea nguvu na kuwaokoa, pamoja na matatizo ya uongozi na ya amri. Nilisoma mstari huo nimesimama. Tunazungumzia mvutano wa kamandi kana kwamba ni jambo la heshima ya majenerali, nani akae kiti gani. Anayelipa ni kijana aliye handakini usiku, anayehitaji mtu mmoja tu mwenye uwezo wa kusema "nendeni" bila kumuuliza mtu mwingine.

Baadaye nimefuatilia hadithi zilizobaki kama raia mstaafu. Jeshi la Jumuiya ya Afrika Mashariki liliingia Kongo mwishoni mwa 2022; Kinshasa ilitaka lipigane, nchi zilizolileta zikaelewa agizo vingine, na Desemba 2023 likaonyeshwa mlango. Pale hawakugombana juu ya nani kamanda. Waligombana juu ya kitenzi, na nilipoyasikia mabishano yao nilijikuta nimerudi njia panda ya Sake. Mwezi ule ule SADC ikaanza kupeleka misheni yake, SAMIDRC: Afrika Kusini, Malawi na Tanzania tena, safari hii jenerali wa Afrika Kusini, na MONUSCO wakiwa pembeni na watu wao. Kwa hiyo kukawa na askari wa nchi moja katika uwanja mmoja chini ya kofia mbili tofauti. Nilipoisikia hiyo nilifungua kabati nikatoa daftari langu la mistari miwili. Sijui nilitaka kulifanyia nini. Nililishika tu.

Goma iliangukia tena mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025. Jeshi letu likatangaza kupoteza askari wawili katika mapigano yale. Tarehe 8 Februari wakuu wa SADC na wa Afrika Mashariki wakakutana Ikulu, Dar es Salaam. Barabara za katikati zilifungwa. Daladala yangu ilizungushwa kutoka Posta, tukakaa kwenye jua, na kondakta akawa anawaambia abiria wawe wavumilivu, wageni wana kazi kubwa. Nilitaka kushuka nimwambie mtu yeyote, hata askari wa usalama barabarani, kwamba miaka 12 kabla ya hapo, katika mji huu huu, tulikutana kwa sababu ya Goma hii hii. Sikushuka. Nilikuwa nakwenda Temeke kwa mama.

Nilimkuta uani amekaa kwenye mkeka, redio sikioni. Ana umri wa miaka 80 na ushee na habari hazimpiti.

"Wale vijana wetu wawili," akasema, "walikuwa chini ya nani?"

Nikaanza kumweleza. SADC, jenerali wa Afrika Kusini, jeshi la Kongo wanaloshirikiana nalo, Umoja wa Mataifa walio pembeni. Nilieleza kama nilivyokuwa nikifundisha, kwa ngazi, kutoka juu kuja chini. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza.

"Hayo nimekusikia, mwanangu. Mimi nauliza aliyekwenda kugonga hodi kwa mama zao alikuwa nani. Huyo jenerali?"

"Hapana mama. Maofisa wa kwetu."

Akazima redio. Akaniambia nimletee kopo la rangi nyekundu na kijiti, lipo chini ya uvungu, na nimsaidie kulipindua sufuria, maana Jumamosi jirani ana arobaini na herufi zimefutika.